Naomba ushauri: wanafunzi wa uuguzi na upimaji wa presha

Wauguzi wenzangu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaosimamia wanafunzi kwenye vituo vya afya hapa Nairobi. Siku ya kliniki ya presha foleni ni ndefu na mashine ni mbili tu. Mwanafunzi akikimbizana na foleni, anampima mgonjwa ambaye bado anahema, mkono unaning'inia, na maswali yanaendelea. Yote hayo hupandisha kipimo.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la mkanda unaofungwa mkononi. Mama mwenye mkono mnene akifungwa mkanda wa kawaida, presha inasoma juu kuliko ilivyo, naye anaongezewa dawa asiyoihitaji. Nawafundisha wanafunzi kupima mzingo wa mkono kwa utepe, katikati ya bega na kiwiko. Mpira wa ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Kisha mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, kimya. Vipimo 2, dakika 1 kati yake. Kwa stethoskopu, hewa itolewe presha ikishuka milimita 2 za zebaki kila sekunde; wakiiachia haraka, namba ya juu inasomeka chini.

Mnapangaje foleni ili zile dakika 5 zisiliwe? Nafikiria benchi la watu 4 nje ya mlango, lakini watoto na maongezi hapo, jamani! Na kabla ya kumtilia mwanafunzi sahihi, mkisikiliza naye kwa stethoskopu ya watu wawili, mnakubali tofauti ya milimita ngapi?