Kaka kaumia uti wa mgongo na kichwa, naombeni ushauri mliopitia haya

Dada Mtu
Habari zenu wanajamvi. Kaka yangu alipata ajali ya gari miezi kadhaa nyuma, akavunjika pingili ya nne ya kifua, uti wa mgongo ukaumia na kichwa nacho kikapigwa, alikaa koma. Ameruhusiwa juzi juzi tu. Kuanzia kifuani kushuka chini hasikii wala hachezeshi kitu. Kila anayekuja kumwona swali ni lile lile, atatembea lini, na mama ndio kalishikilia hilo. Mimi kinachonitisha ni mengine. Usiku mmoja kichwa kilimuuma vibaya mno, jasho linamtiririka usoni huku miguu ya baridi, tukampa dawa ya maumivu ikapita. Halafu alikuwa mtu mpole sana, sasa hivi anafoka kwa kitu kidogo, anasahau ulichomwambia asubuhi, ikifika mchana kachoka hoi. Hivi haya ni ya kupita au ndio maisha yenyewe? Nianze na lipi?

Nesi wa Zamu
Pole sana dada. Naanza na hicho kichwa cha usiku maana hicho kinaua. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kitu kikimsumbua huko chini asikosikia, iwe kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja, choo kimekwama, hata kucha imezama nyamani, presha inapanda ghafla. Ikitokea tena msimlaze, mkalisheni wima, legezeni nguo na mkanda, kagueni mpira wa mkojo kwanza kisha choo, na mpime presha. Hawa presha yao ya kawaida huwa chini, ile namba ya juu inacheza 90 mpaka 110, kwa hiyo ukikuta 140 usijifariji kwamba si mbaya, kwake imepanda sana. Isiposhuka kimbieni hospitali na mtaje pingili aliyoumia mapema kabisa, si kila daktari wa zamu anaikumbuka hali hii.

Ngozi nayo. Kitandani ageuzwe kila saa 2, kwenye kiti ajiinue au aegemee upande kila dakika 15 hadi 30, na kila siku mkague makalio, nyonga na visigino. Alama isiyopotea ukibonyeza ndio kidonda kinaanza, asilalie tena hapo. Zamani wengi walikuwa hawafi kwa kupooza, walikufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo chake Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alikomalia hilo hilo la kugeuza wagonjwa usiku na mchana.

Wa Magurudumu
Mimi niko kwenye kiti miaka mingi. Hilo la kutembea muulizeni daktari kama uti umekatika mawasiliano kabisa au kuna kilichobaki, wanapima mpaka hisia za njia ya haja kubwa na wanampa daraja A mpaka E, A ndio hakuna kilichobaki, E ndio mzima. Wiki za mwanzo uti unakuwa kwenye mshtuko, majibu yanadanganya, ila sehemu kubwa ya kurudi huonekana ndani ya mwaka wa kwanza. Msimwahidi, na msimkatie tamaa. Na nikwambie ukweli, miguu haijanitesa kama mkojo. Pia atafutiwe mwanaume mwenye hali kama yake waongee wawili, maswali ya ndoa na unyumba hatakuuliza wewe wala mama.

Mke wa Jasiri
Mume wangu aliumia kichwa tu, anatembea vizuri, watu wanasema kapona na hawajui tunavyoishi ndani. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayozuia hasira, ikiumia mtu hana breki. Sio jeuri hiyo dada, sio kiburi. Mwambieni jambo moja kwa wakati, redio zimeni, kila kitu kiandikwe kwenye daftari, mambo mazito yafanyike asubuhi kabla hajachoka. Mjue dalili za kifafa pia, kinaweza kuja baadaye sana. Wangu aliendelea kupata nafuu hata baada ya miaka 2, taratibu mno.

Mzee wa Madai
Kama kuna bima au kesi msisaini malipo ya mwisho haraka. Subirini ripoti ya daktari ya ulemavu wa kudumu, iingize vifaa, dawa na mtu wa kumhudumia maisha yake yote.

Dada Mtu
Asanteni sana jamani nimesoma huku nalia. Nimekumbuka usiku ule tulipomgeuza tulikuta mpira umebanwa chini ya paja. Bado moja, hataki kabisa mama amsaidie choo, anagoma hata kula ili asiende.

Wa Magurudumu
Namuelewa. Mikono yake ni mizima, muombeni mtu wa fizio au nesi amfundishe afanye mwenyewe kwenye kiti cha choo, muda ule ule kila siku, kama nusu saa baada ya kula. Kichwa kikianza kuuma katikati asitishe kwanza. Mlango aufunge, nyie kaeni karibu tu mtakaposikia akiita.