Majuma sabini ya Danieli 9: tuanze kuhesabu 457 KK au 445 KK?

Mwalimu_wa_Vijana

Shalom wapendwa. Naandaa masomo ya Danieli 9:24-27 kwa darasa la vijana, na vitabu nilivyonavyo havipatani. Kimoja kinaanza na Ezra 7, mwaka 457 KK, kinafika 27 BK kwenye ubatizo wa Yesu. Kingine kinaanza na Nehemia 2, mwaka 445 KK, kinapiga hesabu ya siku 173,880 na kutua siku ile ile Yesu alipoingia Yerusalemu juu ya punda. Cha tatu kina 458 KK na kinaishia 26 BK. Wote wanatumia andiko lile lile na mfalme yule yule, Artashasta.

Naomba wanaoijua hesabu hii waeleze tofauti inatoka wapi, na ipi naweza kuisimamia mbele ya vijana wanaojua kutumia kikokotoo. Hoja ya "kanisa letu linaamini hivi" haitawatosha, wala mimi haitanitosha.

Karani_wa_Susa

Mleta mada, umeuliza vizuri. Tuanze na kiasi chenyewe kabla ya tarehe.

Danieli alikuwa anasoma Yeremia juu ya miaka 70 (Dan 9:2, Yer 25:11-12, 29:10). Jibu analopewa ni 70 mara saba. Msingi wake uko kwenye Mambo ya Walawi 25:8, sabato saba za miaka, miaka 49, ndiyo yubile. Majuma sabini ni yubile kumi, miaka 490. Kwa hiyo huhitaji kukimbilia kanuni ya "siku moja kwa mwaka" ya Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6 ili upate miaka. Sura yenyewe imeanza na miaka. Wafundishe vijana hili kwanza, maana ndilo wasomaji wa pande karibu zote wanakubaliana.

Sasa amri, maana mstari wa 25 unahesabu majuma 7 na majuma 62 tangu amri ya kuujenga upya Yerusalemu hata masihi. Ziko nne za kuangalia: ya Koreshi, 538 KK (Ezra 1), ya Dario, yapata 520 KK, inayothibitisha ile ya kwanza (Ezra 6), ya Artashasta mwaka wake wa 7 (Ezra 7), na ruhusa aliyopewa Nehemia mwaka wa 20 wa Artashasta (Neh 2). Ukijumlisha 7 na 62 unapata majuma 69, yaani miaka 483. Toka 538 KK unaishia 55 KK, hakuna Masihi hapo. Toka Dario unaishia miaka ya 37 KK hivi, wakati Herode anaiteka Yerusalemu. Ndiyo maana Wakristo wengi wanaotafuta Yesu katika hesabu hii wamebaki na mbili za Artashasta.

Tofauti ya 457 na 458 haitokani na Biblia, inatokana na kalenda. Ahasuero, baba yake Artashasta, aliuawa Agosti 465 KK. Wababeli walianza kuhesabu mwaka wa kwanza wa mfalme mpya kutoka Nisani (mwezi wa kwanza) iliyofuata, yaani 464 KK. Ukifuata hivyo, mwaka wa 7 unaanza Nisani 458, na Ezra aliyeondoka siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza na kufika siku ya kwanza ya mwezi wa tano (Ezra 7:9) amesafiri 458. Lakini ukihesabu miaka ya mfalme kuanzia mwezi wa saba, Tishri, safari hiyo hiyo inaangukia 457. Hoja ya Tishri ina msingi: Nehemia 1:1 inataja Kislevu (mwezi wa tisa) mwaka wa 20, kisha Nehemia 2:1 inataja Nisani, bado mwaka wa 20. Kama mwaka ungeanza Nisani, hiyo ya pili ingekuwa mwaka wa 21. Mimi naiona 457 ina nguvu kidogo kuliko 458, ila sitagombana na mtu kwa mwaka mmoja.

Kosa linaloharibu hesabu za wengi ni kusahau kwamba hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK inakuja 1 BK. Kanuni: toa mwaka wa KK kwenye idadi ya miaka, kisha ongeza 1.

483 − 457 = 26, + 1 = 27 BK.
483 − 458 = 25, + 1 = 26 BK.
483 − 445 = 38, + 1 = 39 BK.
483 − 444 = 39, + 1 = 40 BK.

Mtu akianza 457 akasema amefika 26, amesahau hiyo moja. Na tazama mistari miwili ya mwisho (445 ni mwaka wa 20 kwa hesabu ya Nisani, 444 kwa ile ya Tishri): kwa miaka ya kawaida, amri ya Nehemia inakupeleka baada ya Pilato kuondoka Yudea. Pilato alitawala 26 hadi 36 BK.

Udhaifu wa Ezra 7 nao usiufiche. Barua ile inahusu fedha, sadaka, vyombo vya hekalu na kuweka waamuzi (7:25-26). Haisemi "jengeni mji". Wanaoitetea hutumia Ezra 4:12-21, ambako Wayahudi wanashtakiwa kwa Artashasta kwamba wanajenga kuta, na Ezra 9:9. Ni hoja nzuri, lakini ni ya kuunganisha vipande. Nehemia 2:5 ndiyo inayotaja kujenga mji waziwazi.

Nabii_hana_haraka

Naongezea kwenye siku 173,880, maana hii inahubiriwa kana kwamba ni hesabu iliyofungwa, na haijafungwa.

Ilienezwa na Robert Anderson, aliyekuwa ofisa wa polisi wa London, karne ya 19. Anachukua 483, anazidisha kwa 360, anapata 173,880. Anaanza 14 Machi 445 KK, anaishia 6 Aprili 32 BK. Ukikagua: kati ya tarehe hizo kuna miaka 476. Zidisha kwa 365, unapata 173,740. Anaongeza siku 116 za miaka mirefu na siku 24 za kutoka 14 Machi hadi 6 Aprili, jumla 173,880. Inapendeza. Lakini tarehe zake ni za kalenda ya Juliani, ile ya Kirumi ya kale, na katika Juliani kila mwaka wa nne ni mrefu bila kuruka hata mmoja: 476 gawanya kwa 4 ni 119, si 116. Hesabu inapita kwa siku tatu. Tena mwaka 32 wenyewe ni mgumu, kwa sababu mwendo wa mwezi hauiweki 14 Nisani, siku ya Pasaka, ya mwaka huo kwenye Ijumaa. Miaka inayokaa vizuri na Ijumaa ndani ya utawala wa Pilato na inayotetewa na wengi ni 30 (7 Aprili) na 33 (3 Aprili).

Harold Hoehner, mwanateolojia Mmarekani, aliona tatizo hilo, na mwaka 1977 akairekebisha: 5 Machi 444 KK hadi 30 Machi 33 BK. Amefika mwaka unaowezekana, lakini amezidisha 476 kwa mwaka wa jua wa siku 365.2422, akapata 173,855, akaongeza 25. Tarehe zake bado ni za Juliani, ambamo miaka 476 ni siku 173,859. Safari hii inapita siku nne. Na mwanzo wenyewe una shida: karne ya 5 KK, siku ya mchana na usiku kulingana iliangukia karibu 26 Machi kwa Juliani. Nisani iliyoanza 5 Machi ingeleta Pasaka yapata 18 Machi, mapema mno. Nisani ya mwaka ule yaelekea ilianza mwanzoni mwa Aprili, na hapo hesabu nzima inasogea karibu mwezi mmoja.

Kubwa kuliko siku tatu au nne ni huo mwaka wa 360. Wanautoa Ufunuo 11 hadi 13, ambako miezi 42 ni siku 1,260, na Mwanzo 7 na 8, miezi mitano kwa siku 150. Sawa, lakini hiyo haikuwa kalenda ya kuhesabia miaka ya wafalme wala ya Pasaka. Wayahudi walifuata miezi ya mwandamo, siku 354 kwa mwaka, wakaongeza mwezi wa 13 pale majira yalipochelewa, mara saba katika miaka 19, ili Pasaka ibaki kwenye mavuno ya shayiri. Kwa hiyo baada ya miaka 483 wao na sisi tumepita misimu ile ile 483. Kazi halisi ya 360 katika hesabu hii ni kupunguza miaka saba, 483 kuwa 476, kwa sababu bila hivyo Nehemia anakupeleka 39 au 40 BK. Na waulize: mbona miaka 70 ya Yeremia, iliyo katika sura hiyo hiyo, hamuigeuzi kuwa ya siku 360?

Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, alijaribu njia nyingine kwa amri ya Nehemia: alichukua miaka 490 ya mwezi bila mwezi wa 13, akapata kama miaka 475 ya jua, akafika enzi ya Kaisari Tiberio. Inakubali kimahesabu, lakini ina kasoro ile ile, kwani hakuna Myahudi aliyehesabu miaka mia nne bila kuongeza mwezi.

BintiSayuni

Wapendwa, mnaijadili kana kwamba saba na sitini na mbili lazima vijumlishwe. Fungueni Biblia ya Union mstari wa 25: majuma saba yanafungwa kwa nukta mkato, kisha majuma sitini na mawili yanahusishwa na mji kujengwa tena. Hivyo ndivyo maandishi ya Kiebrania ya Wamasora (wanakili wa Kiyahudi) yalivyowekewa alama ya kituo. Kwa usomaji huo masihi wa kwanza anatokea baada ya miaka 49, na yule anayekatiliwa mbali baada ya 62 ni mwingine. Wanaosoma hivyo humwona wa kwanza kuwa Koreshi, ambaye Isaya 45:1 inamwita masihi wa Bwana, au Yoshua kuhani mkuu. Toka Yerusalemu kuanguka 587 KK hadi 538 KK ni miaka 49 kamili.

Wa pili wanamweka Onia wa Tatu, kuhani mkuu aliyeuawa yapata 171 KK, na nusu ya juma ni mfalme Antioko Epifane wa Shamu kunajisi hekalu 167 KK hadi lilipowekwa wakfu upya 164 KK. Wamakabayo wa Kwanza 1:54 inatumia maneno hayo hayo, chukizo la uharibifu.

Lakini na wao wapigiwe hesabu. 538 toa 434 ni 104 KK, si 171. Wamezidiwa na miaka 67 hivi. Wanajibu kwamba idadi ni ya mfano, yubile kumi, au kwamba mwandishi hakuwa na orodha kamili ya wafalme wa Uajemi. Basi tusiseme kwamba wao ndio wenye hesabu safi.

Marabi nao: Seder Olam, kitabu chao cha kale cha kuhesabu nyakati, inagawa 490 kuwa 70 za uhamisho na 420 za Hekalu la Pili, ikiishia maangamizi ya hekalu chini ya Tito, jemadari wa Kirumi. Kwa hesabu ya wanahistoria hekalu lile lilisimama toka 516 au 515 KK hadi 70 BK, miaka 585. Wamefupisha enzi ya Uajemi kwa miaka kama 165. Kila upande una mahali pamebanwa.

Kinachonigusa mimi ni hati ya Melkizedeki ya pango la 11 la Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi. Inazungumza yubile kumi na inamtaja mpakwa mafuta wa Roho aliyenenwa na Danieli. Hao ni Wayahudi kabla ya Wakristo, na tayari walikuwa wanasubiri. Luka 3:15 inasema watu walikuwa wakingoja.

Mwalimu_wa_Vijana

Asanteni sana, nimepata mengi kuliko nilivyotarajia. Niulize la mwisho: nikichukua 457 hadi 27, juma la sabini nilifanyeje? Waadventista wanasema msalaba 31 na Stefano 34. Wengine wanalisogeza lote mwisho wa dunia. Na je, 27 ina ushahidi nje ya Danieli?

Karani_wa_Susa

Kuhusu 27: Luka 3:1 inasema mwaka wa 15 wa Tiberio. Augusto alifariki 19 Agosti 14 BK. Ukihesabu Kirumi unapata 28/29. Ukihesabu kwa mwaka wa Shamu unaoanza vuli, ile miezi michache ya kwanza inakuwa mwaka wa 1, na wa 15 unaanza vuli ya 27. Yohana 2:20 inataja miaka 46 ya hekalu, na Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anasema Herode alianza kulijenga mwaka wake wa 18, yaani 20/19 KK. Hiyo inakuleta karibu 27 au 28. Kwa hiyo andika ubaoni "karibu 27" na uwaonyeshe njia zote mbili za kuhesabu Tiberio.

Msalaba wa 31 una shida ya Ijumaa kama 32. Ukichukua 30, toka vuli ya 27 ni miaka miwili na nusu, si mitatu na nusu. Lakini soma mstari wa 26 polepole: masihi anakatiliwa mbali *baada ya* yale 62. Haujataja siku wala mwaka. Nusu ya juma iko mstari wa 27, na hapo lazima uamue "naye" ni nani. Akiwa Masihi, ni kukoma kwa dhabihu kwa kifo chake. Akiwa "mkuu atakayekuja", aliyetajwa karibu zaidi, unaelekea Tito au mpinga Kristo. Na wanaoacha pengo kabla ya juma la 70 wasidhaniwe ni wa juzi tu, Hipolito, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, alishaliweka mwisho. Udhaifu wao ni kwamba andiko halitaji pengo lolote. Nguvu yao ni Mathayo 24:15, ambako Yesu analitaja chukizo kama jambo lijalo.

34 kwa Stefano usiifundishe kama tarehe. Matendo 7 haina mwaka.

Nabii_hana_haraka

Mpangilio ninaopendekeza kwa ubao: chora mstari mmoja, weka 587, 538, 457, 445, 167, 27, 30, 70. Waachie vijana wahesabu wenyewe kutoka kila mwanzo kabla hujawaambia jibu, na juu ya kila mshale waandike kile walichokubali bila kuthibitisha: amri ipi, mwaka unaanza Nisani au Tishri, siku 360 au majira, 7 na 62 vijumlishwe au la. Ukimaliza hapo ndipo usome mstari wa 24, zile shabaha sita, kukomesha makosa hadi kumtia mafuta aliye mtakatifu. Somo hilo lipe saa nzima peke yake, maana wengi tunaishia kwenye tarehe na mstari wa 24 hatuugusi.