Vishikwambi vya shule Tanga: ARM au x86?

Mzazi wa Makorora: Wazazi wa sekondari moja hapa Tanga wanachanga kununua vishikwambi 20 vya maabara. Mapendekezo ni mawili, bei zinakaribiana. Ama vipya vya Android, prosesa ya ARM (aina iliyomo kwenye simu nyingi). Ama mitumba ya Windows, prosesa ya Intel Atom Z3735F (x86, aina ya kompyuta za ofisini), RAM GB 2, hifadhi GB 32. Mie nataka mitumba. Mtoto azoee kompyuta ya ofisini, si simu iliyonenepa. Nipingeni.

Fundi Chumbageni: Napinga. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Haingii hapo. Intel mwenyewe alifuta chipu zake za simu, Broxton na SoFIA, mwaka 2016. Mwenye mali kaikimbia, sisi tuikimbilie?

Barabara ya Nane: Windows ikifa, weka Linux, mfumo endeshi wa bure. Hapo ndipo x86 inapomshinda ARM. Imerithi utaratibu wa kompyuta za mezani: UEFI, programu ya kuwashia mashine, inaiambia Linux kuna vifaa gani, stiki moja ya USB inahudumia mashine za kila namna. Kwenye ARM kila bodi inataka faili lake la kuelezea vifaa, tena vishikwambi vingi bootloader (programu inayoanzisha mfumo) imefungwa. Mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, imekula kwako.

Fundi Chumbageni: Hiyo stiki moja itakuaibisha, kaka. Z3735F ni ya biti 64, lakini kwenye vishikwambi hivyo UEFI kwa kawaida ni ya biti 32. Chomeka stiki isiyo na faili la kuwashia la biti 32, bootia32.efi, ndani ya folda ya EFI/BOOT, haionekani kabisa. Inawaka Windows kama vile hukuchomeka kitu. Ukishavuka hapo, vingine vinaganda ghafla bila sababu. Dawa ni kuongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kernel (kiini cha Linux) ndani ya GRUB, bootloader yake. Kuganda kunaisha, betri ndiyo inayolipa: prosesa hairuhusiwi tena kulala usingizi mzito. Zidisha kazi hiyo mara 20.

Barabara ya Nane: Debian 12, mojawapo ya Linux, inakuja na bootia32 tayari. Na ukishaweka sawa kimoja, diski yake unainakili kwa programu ya Clonezilla hadi vingine 19. Si kazi ya mwezi.

Mwalimu wa Sahare: Jamani, msiisafishe ARM kupita kiasi. Kuna vishikwambi vya bei ya chini vyenye Cortex-A53, chipu ya ARM ya biti 64, halafu Android iliyowekwa ni ya biti 32. Boksi limeandikwa 64, na hawajadanganya! Programu iliyotolewa kwa biti 64 peke yake inagoma kuingia. Washa “USB debugging”, unganisha na kompyuta yenye programu ya adb, andika:

adb shell getprop ro.product.cpu.abi

Jibu likiwa arm64-v8a (biti 64), chukua. Likiwa armeabi-v7a (biti 32), rudisha.

Bwana Nane naye anamwonea ARM. Raspberry Pi ni ARM na inapokea Linux bila ugomvi. Wanaofunga milango ni watengenezaji wa vishikwambi.

Mzazi wa Makorora: Lakini Raspberry Pi haishikiki mkononi, mwalimu. Kwa hiyo mitumba bado?

Mwalimu wa Sahare: Kinachonitisha kwenye mitumba ni tundu. Vingi vina micro-USB moja tu: chaja humo, stiki humo, kibodi humo. Kwa hewa yetu ya chumvi linaota kutu, likilegea umepoteza vyote vitatu. Chomeka chaja, tikisa kidogo. Alama ya chaji ikipepesa, weka kando.

Fundi Chumbageni: Na usiku wa kuweka Linux jaza chaji kwanza, maana habu ya OTG (ya kugawa tundu moja kwa stiki na kibodi) ikikaa hapo chaja haina pa kuingia.

Mzazi wa Makorora: Muuzaji kakubali kutoa kimoja cha majaribio hadi Jumatatu. Nani ana habu ya OTG yenye tundu lake la chaji? Iwe ya micro-USB, si Type-C.