Wauza laptopu mnaotuuzia stika: kazi ya CAD na CAM haiendeshwi na jina la kadi ya picha!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kijana anayetuandalia michoro (CAD) na njia za kukata vyuma (CAM) kwa mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, hapa karakanani amenunua laptopu mpya. Kabla ya kulipa alimweleza muuzaji kazi yake yote: assembli, yaani michoro ya vipande vilivyounganishwa, zenye mamia ya vipande, njia za kikatio za mihimili mitatu hadi mitano. Akajibiwa, "Hii ina RTX 4060, inabeba chochote." Sasa akifungua assembli kubwa na kuizungusha, picha inakwama. Akianza kukokotoa njia za kikatio, muda si mrefu feni zinavuma na kasi ya prosesa inaporomoka kwa joto. Tumerudi kuuliza, tunaambiwa programu zetu ndizo nzito. Si ndicho alichowaeleza tangu mwanzo?

Siri iko kwenye wati. NVIDIA wenyewe, watengenezaji wa kadi hiyo ya picha, wanaruhusu RTX 4060 ya laptopu iwekwe kwa wati 35 hadi 115. Yaani laptopu mbili zinakaa rafu moja, stika moja, na kadi ya moja inapewa umeme mara tatu ya mwenzake! Zamani kadi iliyopunguzwa nguvu ilibeba alama ya Max-Q kwenye jina, ukaijua mapema. Tangu RTX 30 ziingie kwenye laptopu mwaka 2021, alama hiyo haipo tena kwenye jina. Mtengenezaji mmoja anaziandika wati kwa herufi ndogo mwisho wa ukurasa wa vipimo, mwingine haandiki kabisa. Na usidhani kadi za bei ya juu zimepona: RTX 4090 ya laptopu ina chipu tofauti na ile ya kompyuta ya mezani, na kumbukumbu yake ni gigabaiti 16 badala ya 24. Jina ni lile lile.

Kwenye prosesa ni hivyo hivyo. "Ni i7, tena ina kori 10." i7 gani? Core i7-1355U ina kori (vitengo vya kukokotoa) 10 kweli, lakini zenye nguvu ni 2 tu. Nyingine 8 ni za kubana matumizi ya umeme, na wati zake za msingi ni 15. Core i7-13700H ina kori 6 zenye nguvu, na wati zake za msingi ni 45. Mtu anayechora anahitaji kuambiwa tofauti hiyo kabla hajatoa hela, kwa sababu programu za kuchora kama SolidWorks hujenga umbo hatua kwa hatua. Tundu linalotobolewa kwenye uso fulani haliwezi kukokotolewa kabla uso wenyewe haujakuwepo. Ndiyo maana unapobadili kipimo kimoja na kusubiri mchoro ujijenge upya, kazi kubwa inabebwa na kori moja, na kinachokuokoa ni kasi ya hiyo kori. Wingi wa kori unalipa kwenye kutengeneza picha ya mchoro inayoonekana kama kitu halisi, kwenye majaribio ya mkazo wa vyuma, na kwenye baadhi ya mahesabu ya njia za kikatio. Muuzaji asiyeweza kukueleza hili hana haki ya kukuambia "inabeba chochote".

RAM: gigabaiti 16 ni za kuanzia, assembli kubwa zinataka 32. Kama imechomelewa kwenye ubao, huongezi tena maishani. Nani aliwahi kuambiwa hilo dukani?

Halafu kuna wanaowauzia wanafunzi wa uhandisi laptopu za Apple. Ni mashine nzuri, sibishi, na Fusion, programu nyingine ya CAD na CAM, inafunguka humo. Lakini SolidWorks na Mastercam (ya njia za kikatio) ni programu za Windows, na laptopu za Apple zenye chipu za M, zilizoanza mwaka 2020, haziwezi kuwashwa kwa Windows kupitia Boot Camp, zana ya Apple ya kazi hiyo, kama zile za Intel. Mwanafunzi anakuja kuligundua hilo wiki ya kukabidhi mradi.

Ninachodai si msaada. Andikeni wati za kadi na namba kamili ya prosesa kwenye kibandiko kile kile mnachoandika bei. Mteja akija na faili lake, mwacheni alifungue na kulikokotoa nusu saa, chaja ikiwa imechomekwa, aone kasi inabaki wapi. Dassault, wanaotengeneza SolidWorks, wanatoa orodha ya kadi na draiva (programu za kuendesha kadi) zilizothibitishwa kwa SolidWorks. Ifungueni mbele ya mteja.

Wadau mnaochora na kukata vyuma, fungueni paneli ya udhibiti ya NVIDIA, kwenye taarifa za mfumo. Kuna mstari unaotaja wati za juu kabisa za kadi yako. Wekeni hapa modeli kamili ya laptopu, hizo wati, na programu mnayotumia. Orodha itakayopatikana nitaiweka juu ya uzi huu, anayetaka kununua aisome kwanza.