Picha juu ya ubao nimeimwagia rezini ikatoka madoa na ukungu, nimekosea wapi?

mwana_mjiwakale
Salaam wandugu, naomba mnisaidie kabla sijaharibu zaidi. Sisi twakaa Mji wa Kale hapa Mombasa, nyumba ya zamani haina eisii, na picha zote tulizoweka kwenye fremu za kioo zimeliwa na unyevu, zimegandana na kioo kabisa, ukivuta yabanduka na sura ya mtu. Nikaona watu wanabandika picha juu ya ubao halafu wanamimina epoksi juu (ndo hiyo rezini, ya majimaji kisha yaganda ikawa ngumu) inang'aa kama kioo chenyewe, nikasema hii ndo dawa yetu. Nikaprinti picha ya babu alopigwa Bandari ya Kale, printa ya wino ya kawaida, sentimita 30 kwa 45, nikaibandika juu ya MDF (ule ubao wa unga wa mbao ulogandamizwa) kwa gundi nyeupe, nikachanganya rezini na hadena, ile dawa ya kuigandisha, nikamimina. Ilikuwa saa mbili usiku, mvua ndo kwanza imekatika.

Asubuhi nakuta kwenye kanzu ya babu pana doa jeusi kama lilomwagiwa mafuta ya taa, viputo vidogo vidogo kama vya soda, na juu kote kumefanya utando mweupe, ukipitisha kidole wateleza. Kona moja leo siku ya nne bado yanata. Mama sijamuonyesha. Na yeye ndo aniambia nimfanyie na ile ya harusi yake, ile ya studio nyeusi na nyeupe, iko moja tu duniani. Nimekosea wapi?

fundi_kisauni
Pole ndugu yangu. Hiyo ya harusi ya mama iweke kabatini leo leo, usiiguse, rezini ikishashika haitoki, ni kama umeizika.

Sasa doa la kanzu. Karatasi ya printa ya wino ina kiu, rezini ikiingia ndani ya karatasi pale pageuka rangi kama karatasi ya mandazi ilopata mafuta, na huwezi kulitoa. Lazima uizibe kwanza. Mie hupaka gundi nyeupe ya mbao ile inayokauka ikawa kama maji, mikono miwili myembamba, wa kwanza brashi yaenda hivi na wa pili wakata, kila mmoja ukauke sawasawa, na zile kingo za karatasi ndo uzikazie maana rezini hupenda kuingilia pembeni. Lakini wino mwingine ni wa maji, gundi itauburuta nyuso zote ziwe matope, kwa hivo pulizia kwanza vanishi ya kopo isiyo na rangi mara mbili tatu, halafu jaribu kwenye kipande cha kutupa kabla hujagusa chenyewe. Viputo navyo vyatoka kwenye MDF, ule ubao una hewa ndani, usipouziba juu na kwenye kingo utapumua kwenye rezini usiku kucha.

binti_bamburi
Fundi kasema kweli, mie naongeza ya utando na kona maana masinia yangu ya mwanzo yote yalitoka hivohivo.

Ule utando mweupe ni hadena imekutana na unyevu wa hewani. Hapa kwetu mvua ikitoka kunyesha usiku hewa yote ni maji, usimimine kabisa wakati huo. Usianze kuupiga msasa pia, utausambaza tu, uoshe kwanza na maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushe, ndo upige msasa umwage mkono wa pili. Ile kona inayonata haitakauka hata ungoje hadi Idi, pale hapakuchanganyika vizuri. Pima kwa kikombe chenye alama, usikisie kwa macho, fuata ilivoandikwa kwenye chupa (nyingi ni moja kwa moja kwa ujazo), koroga polepole dakika tatu au nne huku wakwangua ubavuni na chini, halafu hamishia kikombe kingine kisafi ukoroge tena, na kile kilobaki kimeganda kwenye kikombe cha kwanza usikikwangulie juu ya picha, hicho ndo huleta kona za kunata.

Picha yako ya 30 kwa 45 ukitaka unene wa milimita 2 ni mililita 270, changanya 300 hivi kwa ile itakayomwagika pembeni. Na usiiache kwenye kikombe ukaenda kushika simu, kwa joto letu yakaza haraka kuliko chupa inavosema, na ikiwa nyingi pamoja yachemka yenyewe mpaka yatoa moshi. Ubao uuweke sawa kwa pima maji, uuinue juu ya vikombe, chini ubandike tepu, pangaboi uzime, viputo vipitishie tochi ya gesi upesi upesi bila kusimama mahali pamoja, drayer ya nywele itakuletea vumbi tu. Kisha funika na boksi.

Jambo moja nakuomba kwa dhati, vaa glavu na fungua dirisha. Mie mwaka mzima nilifanya mikono mitupu, sasa hata tone moja likinigusa ngozi yavimba na kuwasha wiki nzima, na hiyo hairudi nyuma.

mpigapicha_likoni
Mwanangu, ile ya mama iskani kwa 600 dpi, halafu nakala ukaiprinti maabara ya picha kwenye karatasi ya fotografia, sio printa ya wino. Ile karatasi ina plastiki juu na chini, hainywi rezini, kingo tu ndo uzibe. Asili ibaki kwenye bahasha kavu. Na ukishamaliza usiitundike ukuta unaopigwa na jua la dirisha, epoksi huenda ikigeuka njano, na kwenye picha nyeusi na nyeupe njano yaonekana kabla ya kitu chochote.

mwana_mjiwakale
Allah awalipe nyote. Ya mama nishaiskani. Binamu yangu Nyali ana chumba kina eisii, nimejaribu na picha ndogo mbili za kadi, moja nimeziba na moja sikuziba, zote mchanganyiko mmoja. Ilozibwa imetoka safi wallahi, hata ule upindo wa buibui waonekana. Isiyozibwa imefanya doa pale pale kwenye kona. Swali la mwisho, nikimwaga Ijumaa usiku naweza kuitundika Jumamosi?

binti_bamburi
Jumamosi itakuwa kavu kwa kugusa tu, bado laini ndani, ukiiegemeza popote itapokea alama. Iache ilale pale pale chini ya boksi siku tatu, eisii isizimwe usiku wa kwanza. Tepu ya chini ndo uitoe mapema, ikiwa bado kama jeli, ikishakauka utahitaji msasa.

fundi_kisauni
Na huko nyuma ya ubao pia ziba, ukuta wa Mji wa Kale unatoa maji.