Wasifu wa mama mkubwa aliyezunguka dunia: nianzie wapi?

Mkazi wa Upanga anauliza:

Wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu. Shangazi yangu, Mmarekani mwenye asili ya Kiitalia, alifariki New Jersey mwezi uliopita akiwa na umri wa miaka 96. Familia imenipa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa katika misa ya kumwombea hapa Dar es Salaam. Baba alimwoa mama alipokuwa masomoni New York, na walipohamia huku dada huyu mkubwa wa mama ndiye pekee katika ukoo wao aliyewafuata, mara ya kwanza kwa wiki sita, kisha kila baada ya miaka michache hadi magoti yalipomkatalia.

Alizaliwa mwaka 1928 Manhattan, karibu na Mulberry Street, kwa wazazi waliotoka Calabria, kusini mwa Italia. Nyumbani tunasimuliwa kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York, ndiye aliyelikata jina la ukoo wao herufi ya mwisho, na kwamba shangazi mwenyewe alifika hapa mwaka 1968 kwa meli ya Kiitalia kutoka Trieste, kupitia Mfereji wa Suez. Baadaye alipanda treni hadi Kigoma ili tu asafiri kwa Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Nimepewa ukurasa mmoja. Nianzie wapi, na nini nikiache?

Babu wa Magomeni:

Pole sana, mjukuu wangu, wewe na mama yako. Kabla ya yote, rekebisha neno moja. Dada wa baba ndiye shangazi. Dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa. Ukisoma "shangazi" kanisani, wazee wa upande wa baba yako watageukiana wakiulizana huyu ni binti wa nani kwao, na hawatasikia sentensi tatu zinazofuata. Tena ukishasema mama mkubwa, umekwisha kueleza kwa nini alivuka bahari kuja kuwaona ninyi, maana ninyi ni wanawe.

Mwalimu Mstaafu:

Poleni kwa msiba. Habari ya karani wa Ellis Island husimuliwa katika familia nyingi za Kiitalia, lakini ningekushauri uiache. Makarani wa pale hawakuandika majina upya. Walihakiki abiria kwa orodha iliyokwisha kuandaliwa na kampuni ya meli kwenye bandari ya kuondokea. Majina mengi yalibadilishwa baadaye na wenyewe, kwa ajili ya kazi, shule au uraia.

Badala yake, ulizia mwaka 1942. Baada ya Marekani kuingia vitani, Waitalia wapatao 600,000 waliokuwa wakiishi huko bila uraia waliandikishwa kuwa wageni wa taifa adui, wakatakiwa kubeba kitambulisho chenye picha na alama ya kidole, na amri hiyo iliondolewa kwao Oktoba mwaka huohuo. Mama yako mkubwa alikuwa raia kwa kuzaliwa, lakini je, bibi yako alikuwa raia? Msichana wa miaka 13 au 14 aliyemwona mama yake akibeba kitambulisho cha namna hiyo ana jambo linalostahili kusimuliwa kuliko orodha ya nchi alizotembelea.

Mzee wa Kurasini:

Nilikuwa karani bandarini kuanzia mwaka 1971, kwa hiyo mwaka 1968 umenishtua. Mfereji wa Suez ulifungwa Juni 1967 kwa sababu ya vita na haukufunguliwa hadi Juni 1975. Meli za kampuni ya Kiitalia ya Lloyd Triestino, zilizoitwa Africa na Europa, zilikuwa kweli zikitoka Trieste, zikipita Suez na Aden na kuteremka pwani yetu kuelekea kusini, lakini katika miaka hiyo minane njia hiyo haikuwapo. Ama mwaka si huo, ama alizunguka Afrika Kusini, na mtu aliyezunguka Rasi ya Tumaini Jema hasahau kulitaja jambo hilo. Tafuteni pasipoti yake ya zamani.

Liemba usiiache. Wajerumani waliizindua Kigoma mwaka 1915 kwa jina jingine, wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata, ikaopolewa, na kupewa jina la Liemba mwaka 1927. Ilimzidi mama yako mkubwa mwaka mmoja tu kwa jina hilo.

Mkazi wa Upanga:

Nawashukuru sana. Dada yangu, yaani binti wa mama mkubwa, ametuma picha ya pasipoti, na muhuri wa Dar es Salaam ni wa Novemba 1966. Kuhusu bibi, mama amethibitisha kwamba hakuwa raia wakati ule. Kitambulisho hicho kilikaa ndani ya kopo la biskuti, na mama mkubwa ndiye aliyekuwa akifuatana naye kila alipotakiwa kukionyesha, kwa kuwa bibi hakujua Kiingereza. Mama anasema ni tangu hapo dada yake alipozoea kutembea na karatasi zake zote mkobani, hata akienda Kariakoo kununua nyanya za ule mchuzi wa Jumapili aliouchemsha tangu asubuhi.

Nitaanzia kwenye kopo hilo la biskuti, kisha nivuke moja kwa moja hadi meli ya 1966. Neno "shangazi" nimelifuta, ingawa mama ameomba nibakize mahali pamoja "Zia", neno la Kiitalia la kumwita dada wa mama au wa baba, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita.