Baba alisali kila alfajiri, akazikwa bila padri. Imani ni uhusiano na Mungu au ni daftari la jumuiya?

BintiMwalimu
Habari za jioni wakuu. Tulimzika baba mwezi Machi na moyo wangu haujatulia, ndiyo maana nauliza hapa penye watu wa kila dhehebu.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu huku kwetu Muleba, Mkatoliki wa tangu utotoni. Kila siku saa kumi na nusu alfajiri alitandika mkeka jikoni, kwa kuwa huko hamwamshi mtu, akapiga magoti. Mkeka ule tunao mpaka leo. Umelika sehemu mbili hadi sakafu inaonekana, pale pale yalipokaa magoti. Miguu ilipoanza kuvimba akashindwa kushuka bondeni kwenye jumuiya, kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, na kwa miaka mitatu hakuonekana huko.

Siku ya msiba alikuja kiongozi na daftari lenye jalada la nailoni. Akalifungua juu ya meza ile ile ya chai ya waombolezaji, akawa anapitisha kidole: mahudhurio hakuna, zaka hakuna, mchango wa ujenzi hakuna. Akasema mwalimu hakuwa mwenzao. Padri hakuja. Tukamfunga baba rozari yake mkononi, majirani wakamzika, na mama mmoja mlokole ndiye aliyeomba kaburini.

Mimi naamini Mungu alimjua baba kwa ule mkeka. Sasa hizi taratibu ni za nini kama mtu mwenye uhusiano na Mungu anaweza kufutwa na daftari?

Chombo Kiteule
Pole sana dada, Bwana akufariji. Umelisema vizuri kuliko wachungaji wengi. Ukristo si dini, ni uhusiano. Mimi nimekulia kwenye dini: ubatizo nikiwa mchanga, kipaimara, mafundisho yote nimeyapita na Mungu simjui hata kidogo. Nilipompokea Yesu ndipo nikaanza kuongea naye kama mtu na baba yake. Yakobo mwenyewe anasema dini ni ubatili. Mtu azikwe na mapadri kumi au asizikwe na hata mmoja, linaloangaliwa ni kama alimjua Bwana. Ila nikwambie kwa upendo, zile shanga mlizomfunga mkononi hazikumsaidia kitu.

Ngome ya Parokia
Shanga? Umeita nini? Shanga huvaliwa kiunoni ndugu yangu. Ile ni rozari. Mtu amefiwa na baba yake, wewe unaona hiyo ndiyo nafasi ya kumtukania alichokwenda nacho kaburini, halafu unaita upendo!

Mama Devotha
Nimeumia sana kusoma hilo neno. Marehemu mama yangu alikata roho akiwa ameishika.

Chombo Kiteule
Sijatukana mtu. Bwana Yesu alisema tukisali tusipayuke-payuke kama watu wa mataifa, wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Mathayo 6. Sala ile ile mara hamsini ni nini kama si hiyo? Mwanao akikuita "baba" mara hamsini bila kusema anachotaka, utafurahi?

Ngome ya Parokia
Nitafurahi, ndiyo. Ungekuwa na mtoto mgonjwa ungejua. Fungua Zaburi ya 136 uhesabu "kwa maana fadhili zake ni za milele" imerudiwa mara ngapi. Mara 26, kila mstari. Nenda Gethsemane, Mathayo 26: Bwana alisali mara ya tatu akisema maneno yale yale. Naye alikuwa anapayuka? Na ninyi pambio moja mnaimba nusu saa nzima, mistari miwili, hiyo haina hesabu?

Kijana wa Kimara
Afadhali shanga, hazina bei. Chupa ya mafuta ya upako na lita moja ya maji yaliyoombewa ni shilingi ngapi kwenu? Mnasema hamna dini, halafu mtu hatoki nyumbani bila kitambaa cha nabii mfukoni.

Chombo Kiteule
Hayo ya mafuta msinitwike mimi. Kanisa langu halijawahi kuuza chupa hata moja, na wanaouza ninawapinga kuliko ninyi. Kila mlokole akifungua mdomo anaulizwa mafuta. Mnachoka lini?

Mama Devotha
Mtachoka lini na ninyi na rozari yetu?

Msomaji Kimya
Samahani, narudi kwa dada aliyeuliza. Dada BintiMwalimu, kama uhusiano unatosha, kilichokuuma ni nini hasa? Kwa maneno yako mwenyewe, mbele za Mungu baba hakupungukiwa. Aliyepungukiwa ni wewe, mama yako na ndugu zako, mliosimama pale kaburini hamna wa kuwaambia "tumwombee". Mimi naona msiba wako unaonyesha kwamba taratibu zina kazi kubwa mno, ndiyo maana kunyimwa kunauma hivi. Nisahihishe kama nimekosea.

Kijana wa Kimara
Chombo, hujajibu. Vitambaa vya nabii je?

Mwenye Daftari
Mimi ni kiongozi wa jumuiya, siyo ya huko, ni mkoa mwingine, lakini daftari kama hilo ninalo, na nimeumia kuona tunachorwa kama askari wa kodi. Acha niwaambie upande wetu.

Kila mwaka naitwa kwenye misiba ya watu nisiowajua hata sura. Familia inataka padri, inataka kwaya, inataka msalaba utangulie, wala marehemu hakuna jirani aliyewahi kusali naye. Padri ananiuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Nijibu nini? Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua miaka ya 70 kwamba Kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogondogo, 1973 na tena 1976, walitaka watu wajuane, wasaidiane, wasome Neno pamoja nyumba kwa nyumba. Siyo kila mtu awe Mkristo wa chumbani kwake halafu siku ya kufa aseme na mimi nilikuwemo. Huo uhusiano binafsi mnaousifia, nani anaushuhudia? Waebrania 10 inatukataza kuacha kukusanyika pamoja. Nasi hatulipwi hata senti. Mimi ni fundi baiskeli, nafunga kibanda mapema kwenda kuzika.

BintiMwalimu
Mzee wangu, shikamoo. Unasema "Mkristo wa chumbani". Baba alifundisha watoto wa kijiji kile miaka 31. Huyo aliyefungua daftari, baba ndiye aliyemfundisha kusoma hayo majina aliyokuwa anayapitisha kidole. Usimwite baba yangu Mkristo wa chumbani.

Mwenye Daftari
Marahaba mwanangu. Sikumkusudia yeye, nilisema kwa ujumla. Nisamehe.

Mzee wa Izigo
Mimi ni Mlutheri, nina miaka 74, na nimeokoka tangu ujana. Kijana Chombo, nakuita kijana kwa kuwa sikuoni. Hii hoja ya "si dini, ni uhusiano" mnaisema kama imeshuka jana. Sisi tumeikuta kwa wazee wetu wa uamsho. Ulianza Uganda, mwaka wa 29 au 30, ukavuka ukafika huku Bukoba. Wazee walisimama mbele ya kusanyiko wakataja dhambi zao kwa majina yake, siyo "nimekosea kwa ujumla". Aliyeiba jembe alisema nimeiba jembe, akalirudisha. Hiyo ndiyo iliyowatetemesha watu, kuliko mahubiri yoyote.

Msafiri wa Gahini
Mzee wangu, naongeza kidogo kwa heshima. 1929 ni mwaka Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala, wakasali pamoja. Moto wenyewe uliwaka Gahini, Rwanda, hospitalini kwa Waanglikana, miaka ya 30 mwanzoni. Bibi yangu aliuita uamsho huo kwa jina lake la Kinyarwanda hadi anakufa.

Mzee wa Izigo
Asante, umenikumbusha. Gahini, ndiyo. Sasa sikilizeni ninachotaka kusema. Wale watu hawakuhama kanisa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia Mukono, Uganda, walifukuzwa kwa ajili ya uamsho huo. Wengine wangefungua kanisa lao wiki iliyofuata na kuweka bango. Uamsho ukabaki ndani ya kanisa lile lile, wakakaa kwenye mabenchi yale yale na wachungaji waliowaona ni wakorofi. Janani Luwum aliokoka 1948, akafa askofu mkuu wa Kianglikana mikononi mwa utawala wa Amin, Februari 1977. Mwaka huo huo askofu wetu Josiah Kibira, mtu wa uamsho kabisa, alichaguliwa hapa Dar es Salaam kuwa rais wa Walutheri wa dunia. Alivaa joho. Alibatiza watoto wachanga. Alishika kitabu cha liturujia. Mlikuwa mnataka kumwambia hana uhusiano?

Na tena, tulipokutana sisi wa uamsho tulikuwa na salamu yetu, wimbo wetu mmoja wa Kiganda kila mtu anapotubu, siku yetu, utaratibu wetu wa nani aanze kusema. Asiyeufuata tulimwona baridi. Nilimwona mama mmoja akinyamazishwa kwa kuwa ushuhuda wake haukwenda kama ilivyozoeleka. Miaka hamsini imepita, bado namwona akikaa chini akifunga kanga vizuri.

Chombo Kiteule
Mzee, shikamoo. Hapo kwenye joho umenigusa, kwa sababu mchungaji aliyeniongoza sala ya toba alikuwa Mlutheri. Sijasema wenye joho hawana Mungu. Nasema joho lenyewe si Mungu.

Ngome ya Parokia
Ungesema hivyo tangu mwanzo tusingefika huku. Ulisema shanga.

Mama Devotha
Na Yakobo hakusema dini ni ubatili. Nimeifungua sasa hivi, sura ya 1. Mstari wa 26 ni juu ya mtu anayejiona ana dini wala hauzuii ulimi wake, huyo ndiye dini yake haifai. Mstari wa 27 unafuata: dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Chombo, ulimi, ulimi.

Msomaji Kimya
Mama Devotha, Mungu akubariki, hapo pana jibu la daftari pia. Kwenda kuwatazama. Mzee Mwenye Daftari, nakuuliza kwa heshima zote: daftari la kule lilijua kwa miaka mitatu kwamba mwalimu hayupo. Kila Jumamosi jina lilisomwa, likawekwa alama ya kutokuwepo, wakaenda kwa anayefuata. Nani alipanda kilima kumuuliza ana nini? Mgonjwa hupelekewa komunyo nyumbani, hiyo nayo ni taratibu. Walikumbuka ya kumdai yeye, wakasahau ya kumpa.

Mwenye Daftari
Nimesoma hilo mara mbili. Kwangu wako wanne wenye alama za namna hiyo. Mmoja najua anaumwa. Wengine watatu, nakiri, sijui.

Kijana wa Kimara
Kwa hiyo kuhusu mafuta ya upako tumekubaliana?

Padre wa Zamani
Sikutaka kuingia, ila kuna jambo halijasemwa. Sheria za Kanisa za 1983, kanoni ya 1184, zinataja wanaoweza kunyimwa maziko ya Kanisa: waasi wa imani, wazushi na wafarakanishi wanaojulikana, waliochagua mwili uchomwe kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Na hata hao, wakionyesha dalili ya kutubu kabla ya kufa, wanazikwa. Zaka haimo. Mahudhurio ya jumuiya hayamo. Kanoni ya 1181 inaonya kabisa kwamba maskini wasikose maziko wanayostahili. Binti, nenda kwa paroko wako na mama yako, siyo kwa kiongozi wa jumuiya. Msiende kugombana. Mwombeni misa ya kumwombea marehemu na baraka ya kaburi. Akikataa, mwulizeni ni kwa kanoni ipi, kisha andikeni kwa askofu.

BintiMwalimu
Asanteni wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu swali la Msomaji Kimya lilinikalia kooni.

Kwanza hili la shanga niliseme, kisha niliache. Rozari kamili ina punje 59. Ya baba ilikuwa na 58 na kifungo cha shati jeupe la shule, kwa kuwa moja ilipotea na akakishona kifungo mahali pake. Usiku wa kuamkia mazishi niliihesabu kwa vidole nikiwa nimekaa na mwili. Kaka Chombo, sijui kama ilimsaidia yeye. Mimi ilinisaidia kufika asubuhi.

Msomaji Kimya, hujakosea. Nilipoandika nilitaka mtu aniambie kwamba hakuna tulichokosa. Mama hajawahi kusema hivyo. Tangu Machi hajapika kwenye jiko lile, anapika nje. Jana nilimsomea maneno ya Padre kuhusu kanoni, akaniambia nisome tena pale penye maskini. Halafu akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Anatafuta kitenge chake cha jumuiya. Nikamwuliza, mama, utakivaa kile cha hao hao? Akasema, "Kwani nilikinunua kwa ajili yao?"

Tunakwenda Jumatano.